Ndege wa Mguu Mmoja

Bwenini, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Kabla sijakusalimu, niruhusu niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa shuleni, nikishalisema niendelee na salamu kwa moyo mwepesi. Hakuna anayejua kwamba ndege aliye kwenye kopo la mafuta yako nilimchora mimi.

Wasichana wengi humu bwenini wanapaka Mafuta ya Ndege. Makopo yamepangwa juu ya masanduku yao, na kila asubuhi ndege wangu ananitazama kutoka pande zote kama jamaa niliyekataa kumwamkia. Mwenzangu wa kitanda cha juu tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Juzi aliniuliza kama mafuta hayo nayajua. Nikamjibu kwamba nimewahi kuyaona. Mimi niliyekua nikishika mwiko wa sufuria yako, nimewahi kuyaona. Nililala nikijionea aibu, lakini nilijua kwamba nikisema ukweli wangenigeukia wote, na mimi watu wakinigeukia wote maneno hunikimbia.

Sasa shikamoo, Shangazi. Natumaini u mzima, na Baba pia. Mimi sijambo. Nimesoma karibu kila kitu kilicho katika rafu ya chini ya maktaba, na sasa nahitaji kiti ili nifikie ya pili. Mzee hajambo? Mara ya mwisho nilimwacha amekunja paji la uso kama mstaafu anayesubiri kiinua mgongo. Sijapata kuona mtoto mchanga mwenye mawazo mengi namna ile. Jina mlilompa linamfaa. Nimemfumia kofia ya uzi wa manjano, ila imetoka kubwa. Mwambie Dada aitunze nitakapoileta, mwanawe ataivaa akistaafu kweli.

Jambo la mwisho. Umebadilisha mtu wa chapa? Kopo la Redio linang'aa sana, na ndege amenenepa kidogo. Amependeza, hata nimeona wivu. Lakini mafuta yenyewe ni meupe mno, na hayana ile harufu ya nta.

Wako mtiifu,
Kimya


Nyumbani, 26 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika na kunikuta nimepakata paka. Ni yule wa jirani, amezaa ndani ya kikapu changu cha makopo. Nimemwachia kikapu, maana mzazi hafukuzwi. Baba yako yuko salama. Anatengeneza saa za mtaa mzima na bado ndiye wa mwisho kufika mezani. Ukimya wako umeurithi kwake. Jana tulikula pamoja na neno alilosema ni "chumvi".

Binti yangu, dada yako, ameshahama. Shemeji yako alipata nyumba karibu na kazi yake, mbali huko, akaja kuwachukua. Mzee aliondoka akiwa amenuna begani kwa baba yake, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempa uhamisho. Nilimfungia mama yake makopo mawili, ngozi ya mtoto yule ni laini kama utando wa maziwa. Nyumba imekuwa kubwa tangu siku hiyo. Naongea na paka.

Mtu wa chapa sijambadilisha. Sijabadilisha kitu. Bado nakoroga kwa mkono wa kulia mpaka uchoke, halafu wa kushoto. Bado kila nikipika najipaka kwanza mwenyewe hapa mkononi, kwenye kiwiko kwa ndani, nalala nayo, na sijazi kopo hata moja mpaka nimeamka nimeona ngozi yangu iko vilevile. Bibi yako alinifundisha hivyo: usimpake mtoto wa mwenzio kitu ambacho hujalala nacho.

Ila umenikumbusha kitu. Mwenye duka la kona nilimpelekea makopo wiki iliyopita, akaniambia, "Mama, mbona mlileta juzi?" Nikadhani uzee umeanza kumpitia. Siku mbili baadaye mwingine kaniambia hivyohivyo. Nichunguzie hilo kopo la huyo Redio, uniambie unachokiona. Una macho ya baba yako, yanaona hata chembe ya vumbi ndani ya saa.

Na kuhusu ndege wako: kusema "ni mimi" si dhambi, mwanangu. Haiumi. Jaribu siku moja.

Shangazi yako


Bwenini, 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru paka kwa kukuweka katika mazungumzo. Mwambie Baba kwamba nami nimesema maneno machache tu leo, kwa hiyo tumelingana. Hapa mvua imenyesha mpaka uwanja umekuwa bwawa, na mwalimu wa michezo ametupa kitabu tusome, jambo lililonifurahisha peke yangu.

Nimelichunguza kopo. Nilisubiri Redio aende kuoga nikalishika mbele ya dirisha. Maandishi ni yaleyale, hata jina lako limo. Rangi ni ileile, tena imekolea kuliko yako. Nililigeuza mara nyingi nikijiambia ni macho yangu tu, kisha nikamtazama ndege miguuni.

Unakumbuka siku ile mezani kwako? Nilikuwa nimekwisha kumchorea mguu mmoja. Wa pili nikawa nauchora na kuufuta, kila ukija unatoka kama msumari. Ukaingia na mikono yenye mafuta ukasema mtu wa chapa anafunga, ukanichomolea karatasi. Nilisema bado. Nilisema kwa sauti yangu hii, yaani hukusikia. Tangu siku hiyo kila ndege anayetoka nyumbani kwako ana mguu mmoja, na hakuna aliyewahi kugundua. Nani huhesabu miguu ya ndege kwenye kopo? Mimi tu, kila nikimwona, kwa aibu.

Ndege wa Redio ana miguu yote miwili. Waliomwiba wamemhurumia, wakaimaliza kazi iliyonishinda.

Niliogopa, Shangazi, nikamwambia Redio. Ndiyo, nilimwambia. Nilimwambia mafuta hayo si yenyewe, kwamba yenyewe anayapika shangazi yangu, na kwamba ndege wa kweli ana mguu mmoja. Bweni zima lilicheka. Redio alishika kopo juu ili wote waone, akasema, "Basi ya shangazi yako ndiyo bandia. Umeona wapi ndege wa mguu mmoja?" Nikaenda kwa muuguzi wa shule. Ni mama mpole, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ninalala vizuri.

Redio anafurahi kwa sababu mashavu yake yameanza kung'aa. Mimi naona yamekuwa mekundu pembeni, karibu na masikio. Jana alikuwa anajikuna usingizini.

Tafadhali mpelekee Dada habari. Kama yale makopo mawili yamekwisha asinunue mengine popote, hata akiona jina lako. Mwambie ahesabu miguu.

Wako,
Kimya


Bwenini, 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Labda barua imepotea, au una kazi nyingi.

Baba alikuja siku ya kutembelewa. Alileta mkate na sabuni, akakaa nami chini ya ukuta wa jikoni. Nilimwuliza kuhusu wewe, akasema upo. Nikamwuliza kuhusu Dada na Mzee. Akasema, "Wote wazima," lakini alisema upesi, na unajua Baba hasemi kitu upesi. Kisha akaniuliza kama viatu vyangu bado vinanitosha. Aliinama akavibonyeza kidoleni, kimoja baada ya kingine, muda mrefu, kama ninavyomwona akitafuta hitilafu ndani ya saa. Alipoinuka hakunitazama.

Redio amehamishiwa chumba cha wagonjwa. Ngozi ya uso wake inabanduka. Hataki mtu amwone. Nilimpelekea kitabu nikakipitisha chini ya mlango, nikasikia anakivuta. Hakusema kitu. Ni mara ya kwanza.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kimya


Nyumbani, 2 Mei

Kimya wangu,

Marahaba. Tupo. Barua zako zote mbili zilifika, hazikupotea. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Baba yako hajambo. Paka amehamisha watoto wake, sijui amewapeleka wapi. Nimepaka chokaa ukuta wa jikoni, ule uliokuwa na moshi. Umekuwa mweupe hata mtu unaona haya kuuegemea. Sufuria nimeisugua nikaigeuza kifudifudi. Sipiki tena. Lebo zilizobaki nilizitia motoni, zilishika moto upesi kwa sababu ya mafuta ya mikono yetu. Watu wanapita hapa mlangoni, hawaingii. Yule mama wa ng'ambo ya barabara, niliyempakia watoto wake wote, sasa akipita anamvuta mdogo upande wa pili.

Dada yako amerudi nyumbani. Anakusalimu. Amekuja na begi moja.

Analala chumba chenu cha zamani. Asubuhi hukaa kwenye kiti cha mlangoni na mikono yake hukaa mapajani imepinda, kana kwamba imebeba.

Ile kofia, usiilete.

Soma kwa bidii.

Shangazi yako


Bwenini, 15 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa maktaba, nyuma ya rafu ya mwisho, mahali ambapo hakuna anayekuja kwa sababu vitabu vyake vimepitwa na wakati. Nilikaa huko mpaka kengele. Sitauliza kitu. Mpe Dada salamu zangu, au usimpe, vyovyote utakavyoona ni bora. Kofia nimeificha chini ya vitabu.

Nitakueleza habari za hapa, kwa sababu sijui kuandika kitu kingine.

Redio ametoka chumba cha wagonjwa. Mashavu yamebaki na mabaka meusi kama ramani. Siku ya kwanza aliingia bwenini amejifunika khanga mpaka machoni, akapanda kitandani. Kisha akaninong'oneza kutoka juu, "Wewe. Hebu niambie tena ile habari ya mguu." Nikamwambia yote, hata habari ya karatasi kuchomolewa. Hakucheka. Aliniuliza kwa nini siku ile sikupaza sauti. Nikamwambia nilipaza. Akasema, "Ile ndiyo kupaza kwako? Basi tuna kazi."

Makopo bado yapo juu ya masanduku, Shangazi. Wengine wanasema Redio ana ngozi mbaya tu. Dukani nje ya lango wameleta mapya, na muuzaji anasema Mafuta ya Ndege yanatoka sana siku hizi kuliko zamani.

Mimi ni mtoto, na najua si adabu mtoto kumfundisha mkubwa. Lakini nimewaza jambo hili hadi kichwa kimeniuma. Wewe umeigeuza sufuria, wao hawajageuza yao. Ukinyamaza, ndege wa miguu miwili ndiye atakayebaki rafuni, akiwa na jina lako, na siku moja hakutakuwa na mtu anayekumbuka kwamba palikuwa na mwingine. Watu watasema wewe ndiye uliyeyapika.

Mkono wako wa kulia una nini?

Nisamehe kwa kuuliza. Nilisema sitauliza.

Kimya


Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Baba yako alinikuta nayo mapajani akasema, "Mwandikie. Si mtoto tena." Hayo ni maneno mengi kwa Baba yako, kwa hiyo naandika.

Makopo mawili niliyompa dada yako yalikwisha. Alitoka akiwa na mtoto mgongoni kwenda kununua sabuni, na huko dukani akaona kopo letu. Kule mbali, mwanangu, mahali ambapo hamjui mtu, akaona jina la mama yake rafuni. Aliniambia alitaka kulia kwa furaha. Alimwambia mwenye duka, "Haya anayapika mama yangu," na mwenye duka akampongeza na kumchagulia kopo jipya kabisa. Alitembea hadi nyumbani amelishika mkononi, hakulitia mfukoni. Aliyaona meupe, hayana harufu ya nta, akadhani nimebadilisha upishi. Akampaka mtoto kila alipomwogesha, mwili mzima, kama nilivyomfundisha, akimwimbia kwamba bibi amefika.

Ilianza ngozi. Halafu akawa hanyonyi, halafu akavimba uso na miguu. Daktari aliuliza anapakwa nini. Wakayapima. Ndani mna kitu cha kung'arisha ngozi, sumu ambayo hata mtu mzima hapaswi kuigusa, kimepenya kikafika kwenye figo zake. Daktari alilinyanyua kopo akasoma jina kwa sauti, na dada yako akasema, "Ni la mama."

Barua yako ya kuhesabu miguu niliipokea siku ninafunga begi, shemeji yako alikuwa amekwisha kupiga simu kwamba mtoto amelazwa. Niliisoma njiani. Nakuambia hivi ili usianze kupiga hesabu za siku, najua ungezipiga. Usingewahi. Hakuna ambaye angewahi.

Nilimkuta bado yuko. Alikuwa amekunja paji la uso vilevile, akanitazama vilevile. Nilimshika kidole. Basi.

Nilichukua kopo lile nikarudi nalo. Unajua desturi yangu. Nilijipaka mkononi kwa ndani nikalala nayo, na kesho yake nikajipaka tena, na tena. Nilitaka kujua alichokijua yeye. Baba yako alilikuta, akalichukua na kulificha mahali ambapo hataki kuniambia. Mkono unapona polepole. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Wakaguzi wa bidhaa walikuja, wakachukua mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye mitungi yangu. Waliyakuta safi na wakanipa karatasi inayosema hivyo. Karatasi ile imekaa kabatini, haitembei. Uvumi ndio unaotembea. Waliniuliza, "Mama, tutajuaje lako na lao bila kulifungua? Lao linapendeza kuliko lako." Nikasema sijui.

Nilijua, mwanangu. Habari ya mguu niliijua tangu siku ile. Nilipofika kwa mtu wa chapa niliona, na nilikuwa na haraka, nikasema ndege ni ndege. Miaka yote nimeuona mguu ule unakosekana nikanyamaza, nikidhani nakusitiri, na kumbe najisitiri mimi niliyekunyang'anya karatasi. Kwa hiyo hata dada yako sikumwambia. Mtoto wangu mwenyewe, aliyelelewa ndani ya harufu ya nta ile. Ningemwambia siku moja tu, kwa utani, jikoni, angetazama. Hicho ndicho kinachonikalisha macho.

Sasa nimesema, na sijapona, lakini nimesema.

Unaniambia nisinyamaze. Mimi sauti yangu hapa mtaani imekwisha, nikisema mafuta yale si yangu wanasema, "Angesemaje?" Sijui nani atasema.

Dada yako ameniona naandika. Ameniuliza shule inafungwa lini. Kisha akasema kofia uilete.

Shangazi yako


Bwenini, 9 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mpe Dada pole yangu. Sikuwahi kuiandika, sasa naiandika. Najua neno lenyewe ni dogo.

Hukufanya peke yako. Mimi nilisema bado, kisha nikanyamaza miaka yote nikijiona mchoraji mbaya. Tulikuwa wawili mezani siku ile, na sote tuliona haya kwa ajili ya kitu kilekile.

Nitakueleza nilichofanya baada ya barua yako, kwa mpangilio, bila kuongeza.

Siku niliyoipata sikufanya kitu. Kesho yake, wakati wa chakula cha jioni, Redio alipanda juu ya benchi akagonga sahani kwa kijiko. Wote walipomgeukia, aliondoa khanga usoni akasimama hivyo, na mabaka yake yote, mpaka minong'ono ikaisha. Halafu akasema, "Mwenye ndege wake ana neno." Akashuka, akanisukuma.

Nilipanda. Mwanzo sikusikika, kuna aliyesema kutoka nyuma, "Ongeza sauti, hatuko maktaba." Nikaongeza. Sikuwaambia habari za Mzee kwa jina. Nilisema kuna mtoto. Nilisema alikuwa ndugu yangu, na mama yake alinunua kopo kama haya tuliyonayo kwa sababu alimpenda mama yake mwenyewe, mpikaji wa yale ya kweli. Nikawaomba kila mwenye kopo ahesabu miguu. Hakuna aliyecheka. Waliinuka wakaenda bwenini mmoja mmoja.

Walileta makopo mpaka boksi la chaki likajaa. Yote yalikuwa ya miguu miwili, isipokuwa moja kuukuu la mpishi, ambalo sasa anatilia pini. Alinionyesha, hakutaka kuliacha. Ndege wake amefifia, lakini ni wetu.

Muuguzi wa shule alikuja kunikuta bwenini. Alisema, "Ulikuja kwangu nikakuuliza kama unalala." Alituombea ruhusa kwa mwalimu mkuu, na leo asubuhi tulikwenda mjini, kwenye ofisi ya wakaguzi, mimi, yeye, Redio na boksi.

Ni chumba chenye feni na mafaili mengi. Mkaguzi ni mama wa makamo, anasikiliza akiwa ameshika miwani mkononi. Aliyekaa pembeni yake alikuwa anaandika. Muuguzi alieleza, Redio alionyesha uso. Mkaguzi alisema makopo kama hayo ameyaona, lakini hajui ayashike yapi na kuacha yapi, kwa sababu hata mpikaji mwenyewe alishindwa kumwonyesha tofauti. Nikaomba karatasi. Sikuwa na penseli, nilitumia kalamu yake ya wino, ambayo haifutiki. Nilimchora ndege kama alivyo, tawi, mkia, mguu mmoja, nikasimama hapo.

Alivaa miwani akatazama. Akasema, "Binti, umesahau mguu."

Nikamwambia sikusahau, hiyo ndiyo alama, na ya kweli yote yako hivyo. Alilinganisha na boksi. Alitoa kopo moja, akaweka, akatoa jingine. Kisha akauliza nani alimchora ndege wa kwanza.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti, huyu anaandika."

"Ni mimi."

Aliyekuwa anaandika akaandika. Mkaguzi alisema wataanza na duka la nje ya lango letu na kufuata nyuma hadi wanakopikia, na hakuniahidi zaidi ya hilo. Alisema pia watakuja kwako, na kwamba ukiamua kuwasha jiko tena alama itabidi ibadilike, maana siku si nyingi hata huyu wa mguu mmoja wataanza kumchapa, na safari hii kila mnunuzi aambiwe mapema cha kutazama. Nikamjibu kwamba kuwasha au kutowasha ni juu yako na Dada. Sitakuuliza.

Tulirudi baada ya chakula. Nilikuta somo la hesabu limeanza, nikaingia nikakaa. Jioni nilitoa kofia chini ya vitabu. Ilikuwa imekunjamana na imeshika vumbi, nikaifua kwa maji ya vuguvugu na ile sabuni aliyoleta Baba, nikaianika ndani, nyuma ya pazia, ili jua lisiiharibu rangi. Ikikauka nitaikunja niiweke juu kabisa ya sanduku. Shule inafungwa Ijumaa.

Kimya